Bolti Kumi na Paka wa Bibi

Nyumbani, 3 Juni

Mke mwenzangu mpendwa,

Salamu ninazo nyingi, lakini nimeziacha mlangoni ili habari ya gari iingie kwanza. Juzi nimelitoa kwenda sokoni. Nilipofika pale kwenye mlima wa shule likaanza kutoa moshi mweupe nyuma, mwingi, kama jiko la bweni siku ya kuni mbichi. Mshale wa joto ukapanda mpaka ukakosa pa kwenda. Nikalizima. Wapita njia wakanisukuma mpaka nyumbani, mimi nimeketi kwenye usukani nawapungia watu mkono kama bibi harusi. Kuchomoa kijiti cha oili, oili imekuwa nyeupe kama maziwa yaliyochacha.

Baba yako mkubwa ameshasikia. Nani kamwambia sijui, umbea wa mtaa huu hauhitaji mafuta kutembea. Akapiga simu: "Mama, sasa basi. Mwisho wa mwezi nakuja na gari la kuvuta. Hilo kopo linauzwa chuma chakavu, na wewe unakuja kukaa kwangu."

Nikamwambia, "Na ukija ukalikuta linatembea?"

Akacheka. "Likitembea, mama, sikugusi. Kaa hapo mpaka uchoke mwenyewe."

Nimemshika kwa ulimi wake. Mke mwenzangu, mimi sihami. Nyumba yake ni nzuri, sakafu inang'aa mpaka unajiona meno, lakini jikoni kwake siruhusiwi kuosha hata kijiko. Mimi niliyepikia shule ya bweni mpaka nikastaafu, nikae kwenye kochi nimwangalie mtu anaunguza vitunguu? Nitakufa kwa heshima.

Kwa hiyo tunalitengeneza wenyewe. Wewe ni fundi mitambo, andika, nifuate. Simu huko kambini kwenu haishiki, na hata ingeshika, injini haifundishwi kwa "halo, halo, unanisikia?" Dereva wa lori la mafuta anapita hapa akija kwenu na akirudi. Mpe yeye.

Mume wetu, Mungu amrehemu, alilifuta hilo gari kuliko alivyonifuta mimi machozi. Siwezi kuliona linakwenda kukatwakatwa.

Wako asiyehama,
Bibi


Kambi ya barabara, 6 Juni

Shikamoo mke mkubwa,

Nimesoma barua yako chini ya tingatinga, nikacheka mpaka msimamizi akainama kuona kama nimebanwa na kitu.

Hilo tatizo nalijua. Injini yako ni nyumba ya ghorofa moja. Chini kuna bloku, juu kuna kichwa, ndiyo silinda hedi. Katikati yao imelala gasketi, bapa jembamba lenye matundu, kazi yake kuzuia maji, oili na moto visitembeleane. Sasa imeungua, na wote wamekuwa familia moja.

Ni kazi ya siku kadhaa, Bibi, na si ya mtu mwenye papara. Nakujua. Kwanza injini ipoe kabisa. Mwaga maji, mwaga oili. Kila unachofungua, kipange juu ya shuka kwa mpangilio ule ule kilivyokaa. Kichwa kimeshikwa na bolti kumi. Zilegeze kidogo kidogo, ukianzia za pembeni kuja katikati, usije ukakipinda. Ukishakitoa, weka kitu kilichonyooka kabisa juu ya uso wake wa chini na umulike kwa nyuma. Mwanga ukipenya, kimepinda, na hapo tuna msiba mwingine.

Baba Mkubwa simwambii kitu. Ila swali moja: umeandika "tunalitengeneza wenyewe". Wewe na nani?

Mjukuu wako,
Grisi


Nyumbani, 10 Juni

Mke mwenzangu,

Kichwa kimetoka! Kizito kama sufuria lenye maharage ya shule nzima. Tumekilaza juu ya meza ya jikoni, tukakisugua, tukakipima kwa rula ya chuma huku na huku. Mwanga haukupenya hata wa kuibia. Hakijapinda. Gasketi imeungua sehemu moja, kati ya tundu na tundu, ndogo kama ukucha wa mtoto. Ndiyo iliyotuaibisha vile mlimani.

Nimekutumia hicho kipande ukione, nimekifunga kwenye kitambaa. Na gasketi mpya nimeshapata kwenye duka la vipuri.

Umeuliza mimi na nani. Mimi na paka. Ananishikia taa.

Sasa niambie namna ya kufunga. Mikono inaniwasha.

Bibi


Kambini, 13 Juni

Shikamoo Bibi,

Hongera. Kusema kweli sikudhani ungefika hapo. Hata wenzangu hapa wanauliza kila siku, "Vipi, kichwa cha bibi kimetoka?" Mtu asiyejua anadhani unaumwa.

Huyo paka wako mwambie nampongeza. Anashika taa, anamiliki rula ya chuma, na kitambaa ulichofungia kipande kimekatwa kingoni kwa mkasi wa meno. Nyumbani kwako hakujawahi kuwa na mkasi wa meno. Paka wangu mimi anakamata panya tu.

Tuje kwenye kazi. Matundu ya bolti yafute mpaka yakauke. Tone la maji au oili likibaki chini, bolti ikishuka halina pa kwenda, na bloku inaweza kupasuka. Bolti zenyewe zisugue, uzipake oili kidogo kwenye meno. Laza gasketi, teremsha kichwa, ingiza bolti zote kwa vidole. Kwa VIDOLE. Halafu uache.

Bibi, soma hapa mara mbili: usikaze. Bolti hizi hazikazwi kwa hasira wala kwa makadirio. Zikilegea, maji yanavuja. Zikizidi, zinakatika. Kuna spana ya kipimo, unaipangia nguvu unayotaka, ukiifikia inalia "ka!" na wewe unaacha. Tunayo moja hapa, nimeshamwomba msimamizi, ataniazima wiki ijayo. Isubiri.

Grisi


Nyumbani, 17 Juni

Mke mwenzangu,

Hatujambo. Mvua hakuna. Jirani wa mbele amepaka geti lake rangi ya kutisha.

Nina swali, la kujifunza tu. Tuseme kuna mtu, simtaji, ambaye maisha yake yote amefunga mifuniko ya masufuria makubwa na hakuna uliowahi kuvuja. Tuseme mtu huyo amechoka kusubiri spana. Akachukua spana ya kawaida, akachomeka bomba kwenye mpini ili urefuke, akakaza. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu ikawa ngumu, halafu ikawa laini ghafla, halafu pakasikika "tak", na mtu huyo akakaa chini bila kupenda.

Mtu kama huyo afanye nini?

Paka anakusalimu.

Bibi


Kambini, 20 Juni

Bibi!

"Mtu kama huyo" achapwe. Mtu kama huyo aliambiwa mara mbili!

Haya. Legeza zile nyingine taratibu, nyanyua kichwa tena. Kipande kilichobaki kitakuwa kimechomoza kidogo kwenye bloku. Kimwagie mafuta ya kulegeza kutu, kigonge kidogo juu, kiache kilale na mafuta yake. Kesho yake kibane kwa plaizi ya kujifunga na ukizungushe kushoto, polepole, unakwenda na kurudi. Hakijakazwa mpaka chini, kitatoka. Gasketi uliyobana haifai tena, hata ionekane nzima. Mpya nakutumia mimi, pamoja na bolti kumi mpya, maana zile za zamani zimeshavutwa vya kutosha.

Lakini spana ya kipimo iko hapa mezani kwangu na sijaifunga. Dereva wa lori ameniambia jambo. Anasema alipita kwako akaona mwanamume, futi ya kupimia nguo shingoni, ameketi kwenye kiti cha dereva. Kiti cha Babu. Bibi, gari la zamani lililotunzwa vile lina watu wanaolitamani. Kuna wanaojua kumzunguka mjane kwa maneno matamu mpaka anajikuta ameandika hati. Sisemi ni huyo. Nasema mimi simjui, na wewe umenificha, na hujawahi kunificha kitu.

Ni nani?

Grisi


Kibanda cha cherehani, kona ya soko, 23 Juni

Kwa Binti Fundi Mitambo,

Mwanangu, nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ndiye paka.

Bibi yako amenionesha barua yako, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Sijawahi kumwona amenyamaza, na sikupenda. Kwa hiyo nimechukua kalamu bila kutumwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nilishona sare za ile shule ya bweni wakati bibi yako anapika pale. Nilikuwa nikipeleka sare nakaribishwa chakula dirishani, na sikuwahi kusahau kwenda kupeleka sare. Mke wangu alifariki zamani. Watoto wangu ni watu wazima, wako mbali. Bibi yako alipoanza kufungua injini, alikuja kuazima rula kwangu. Nilimwambia rula haitoki bila mwenyewe. Basi nikaenda nayo, na kila siku nikawa naisahau kwake makusudi.

Gari silitaki. Sijui hata kuliendesha. Kitu pekee nilichoendesha duniani ni cherehani, nayo haina breki. Siku ile nilikaa kwenye kiti kushika usukani, majirani wakilisukuma liingie kivulini. Kama nilikaa mahali pasiponifaa, naomba radhi. Bibi yako aliniambia babu yako alikuwa akikupakata kwenye kiti hicho mkipiga honi. Ningejua mapema ningekaa pembeni.

Kuhusu bolti, bibi yako hana kosa. Niliyeikata ni mimi. Nilishika bomba kwa papara, yeye akinikataza. Kipande kimeshatoka, kama ulivyoelekeza, kilizunguka kushoto taratibu kama mtu anayeaga wageni. Lawama zote niwekee mimi, na tafadhali mtumie bibi yako spana. Mwanawe anakuja mwisho wa mwezi huu. Bibi yako akihamishwa, mtaa huu utabaki na watu, lakini hautakuwa na mtu.

Ni mimi mnyenyekevu,
Fundi Cherehani


Kambini, 26 Juni

Shikamoo mke mkubwa,

Paka wako ameniandikia. Sikujua paka wana mwandiko mzuri hivyo.

Nilisoma mahali alipotaja kupakatwa kitini na kupiga honi, nikatoka nikazunguka nyuma ya karakana mpaka macho yakakauka. Halafu nikarudi kuifunga spana. Ndiyo hiyo, imo ndani ya blanketi langu, msimamizi ameniapisha irudi nzima. Mwambie Fundi nimekosa adabu, naomba anisamehe. Na kwamba nimemsamehe kukata bolti, ingawa nashangaa, mtu wa kushona vifungo kapata wapi nguvu ya kukata chuma?

Sasa shika. Bolti ina zamu. Anza mbili za katikati, kisha moja huku, moja kule, ukivuka kwa mshazari, uelekee pembeni. Usimalize upande mmoja, utakibana kichwa kama mtu anayelala nusu kitanda. Na usikaze mara moja. Mizunguko mitatu. Wa kwanza, geuza mpini wa spana usome thelathini, zote kumi. Wa pili, hamsini na tano. Wa mwisho, sabini na tano. Vuta polepole, bila kushtua, ukisimama vizuri. Ikilia "ka!", acha. Usiongeze "kidogo tu cha baraka". Nakujua.

Maji mapya, oili mpya, kila mpira mahali pake. Halafu washa.

Bibi, lisipowaka usilie. Ukihamishwa, mimi mwenyewe nitakuja kukutorosha.

Grisi


Nyumbani, 30 Juni

Mke mwenzangu, mke mwenzangu, mke mwenzangu!

Limewaka!

Nianze wapi? Nianze na huyo mwongo. Nilipofika kwenye ule mstari wako wa kumsamehe Fundi kukata bolti, nikasoma tena nikidhani nimekosea. Nikatoka na barua mkononi mpaka kibandani kwake, wateja wamejaa.

Nikamuuliza, "Wewe, ulikata bolti lini?"

Akaangalia sindano. "Siku ile."

"Siku ile ulikuwa umesimama mlangoni unapiga kelele 'mama acha, mama acha, itakatika'!"

"Nilidhani mjukuu wako atakukasirikia."

"Kwa hiyo ukaona akukasirikie wewe?"

Akasema, "Mimi hanijui. Hasira ya mtu asiyekujua haikai."

 Mama mmoja amesimama na gauni nusu mwilini. Nikamwambia Fundi, "Funga kibanda, spana imekuja." Sasa ujue, mke mwenzangu: niliyekata ni mimi, mkono huu huu wa kufungia masufuria. Nilikuficha kwa sababu uliniambia mara mbili.

Tukafunga. Nilidhani atachoka na mizunguko yako mitatu, kumbe ndiyo kwanza akaelewa. Akasema, "Ni sawa na nguo. Kwanza unapiga bandi, unaona inavyokaa, ndipo unashona." Basi yeye anasoma namba na kunielekeza bolti, mimi navuta. Katikati. Huku. Kule. Ka! Ka! Ka! Ya mwisho ilipolia nikatamani kuongeza kidogo cha baraka. Akanishika kifundo cha mkono. Nikaacha.

Baba yako mkubwa akafika asubuhi na gari lake la kuvuta, minyororo inalia mtaa mzima. Mimi nilikuwa sijaliwasha bado, niliogopa. Akasimama uani, miwani mkononi. "Mama, umefungasha?"

Nikaingia kwenye gari. Nikageuza ufunguo. Likakohoa. Likanyamaza. Majirani wote wako ukutani, geti la rangi ya kutisha limefunguliwa kabisa. Nikageuza tena. Likakohoa, likapiga chafya moja, halafu likaunguruma, mke mwenzangu, likaunguruma kama siku ile mume wetu alipolileta! Majirani wakapiga vigelegele. Fundi Cherehani akavua kofia akaishika kifuani kama vile wimbo wa taifa unapigwa.

Mwanangu akasogea, akainama, akasikiliza. Akachomoa kijiti cha oili mwenyewe. Safi. "Nani amekutengenezea?"

"Mimi na fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi cherehani."

Alicheka mpaka akakaa juu ya minyororo yake. Nikamwambia apande. Nikampeleka ule mlima wa shule, juu kabisa, nikageuza, nikashuka. Mshale wa joto umelala katikati kama mtoto aliyeshiba. Njiani akasema, "Mama, mimi sikutaka kukunyang'anya kitu. Nikipiga simu jioni usipopokea, silali." Nikamwambia, "Nisipopokea ujue naongea na mtu." Akaniangalia. "Paka?" Kumbe mtaa umeshamwambia hata hilo. Nikasema, "Paka."

Ameondoka na gari lake la kuvuta tupu. Kabla ya kuondoka alipimwa suruali.

Sasa linalobaki ni lako. Jana Fundi ameniuliza swali. Si la injini. Nimemwambia sitajibu mpaka nisikie kutoka kwa mke mwenzangu, maana nyumba hii ni ya wake wawili. Umri wangu unaujua, na watu watacheka. Waache, kicheko hakina kodi. Lakini wewe ukisema hapana, ni hapana, na tutaendelea kunywa chai kama zamani.

Spana inarudi na barua hii, nzima, nimeipaka oili.

Bibi


Kambini, 4 Julai

Mke mkubwa,

Nimeisoma barua yako kwa sauti wakati wa chakula, watu wote wa karakana wakisikiliza. Ulipowasha mara ya pili msimamizi alisimama. Lilipounguruma alipiga meza, chai yake yote ikamwagika, na hajali.

Swali la Fundi. Bibi, mtu aliyeona hasira yangu inakuja akaenda kusimama mbele yako ili imfikie yeye, mimi nimkatae kwa lipi? Babu angecheka. Angesema, "Huyo angalau anajua kushona kifungo." Nilikuwa naogopa nafasi yake ijazwe. Naona hakuna aliyemsogeza. Mmeongeza kiti tu.

Jibu langu ni ndiyo. Lakini nina sharti: mume simpokei kwa barua. Namtaka nimwone kwa macho. Likizo sipati mpaka kipande hiki cha barabara kiishe, kwa hiyo mtavumilia.

Na gari mlipumzishe. Mlitembeze karibu karibu kwanza, mlisikilize. Msifanye ujinga wa safari.

Grisi


Getini kambini, Jumamosi asubuhi

Mke mwenzangu,

Naandika juu ya boneti, ina joto zuri la wastani. Mlinzi wenu hajui kucheka. Anasema uko chini ya lori kubwa na hairuhusiwi kukuita kwa kelele, lakini barua anaweza kupeleka. Sawa, barua ndiyo kazi yetu.

Tumeondoka alfajiri. Mlima wenu wote tumeupanda bila kusimama, ila mara moja tu, Fundi alipotaka kuona maua. Kujisikia vibaya kwenye kona anaita kuona maua. Maji hayajapungua, oili safi, nimekagua mwenyewe. Sasa ameshuka, anajifuta vumbi, amevaa koti alilojishonea kwa ajili yako. Amenyoosha kola mara nyingi mpaka naihurumia. Ananiuliza ukimwona utamwitaje. Nimemwambia hata mimi sijui, twende tukasikie.

Toka huko chini. Usinawe mikono, nitakukumbatia hivyo hivyo.

Bibi